Nguo za Baridi Kabatini mwa Aflah

Katika kabati la Aflah bin Nasser, rafu ya juu kabisa, pale ambapo watu wenye akili zao huweka mashuka ya wageni, kulikuwa na mfuko wa plastiki wenye nguo za baridi. Fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, zote za sufu nyembamba, rangi ya majivu. Zilikaa humo miaka saba, na kibandiko cha bei hakijatoka. Na mwenyewe anakaa Al Amerat, kando ya Maskat, Omani, ambako mtu huzima kiyoyozi wiki tatu kwa mwaka akaona amepata baridi ya kutosha.

Alizivaa mara moja tu. Siku ile aliyozinunua aliteremsha kiyoyozi cha chumbani mpaka kumi na sita, akazivaa, akakaa kitandani na darubini shingoni. Mkewe Muhsina aliingia kuchukua kanga yake, akamtazama, akacheka mpaka akakaa chini.

Acha acheke. Maskat nzima hukuti mtu ambaye hajawahi kuona theluji kwa macho yake, halafu akajua habari za baridi kama Aflah. Atakueleza, hata kama hukumuuliza, kwamba nguo inayogusa ngozi ndiyo yenye kazi, na kwamba koti la thamani juu ya fulana mbovu ni pesa za kutupa. Iwe nyembamba, ishike mwili bila kuubana. Mshono uwe bapa, usije ukakuchuna bega chini ya mkanda wa begi. Iwe na zipu shingoni, uifungue ukipanda mlima na uifunge ukikaa. Sufu kama unaimudu, kwa sababu hutia joto hata ikiwa na unyevu, tena hainuki upesi, na mbuzi wa mlimani husikia harufu ya mtu kutoka mbali. Kama huimudu, poliesta. Hukauka haraka, ila chukua pea mbili ubadilishe. Lakini pamba, atakwambia huku ameinua kidole, pamba usiiguse. Pamba hunywa jasho lako ukipanda, halafu ukikaa kumvizia mnyama, jasho lile linageuka barafu juu ya mgongo wako.

Mengi ya hayo aliyasoma kazini, kwenye kompyuta ya wizara, na yote aliyatafuta kwa sababu ya Loai.

Loai alikuwa mwenzake wa skuli. Sasa ana kampuni ya ujenzi na nyumba Bustan, na kila Novemba huenda Kazakistani kuwinda mbuzi wa milimani, kwa kibali na kwa kila kitu chake. Kila mwaka humchukua rafiki mmoja kwa gharama zake yeye. Hafanyi hotuba. Ijumaa moja ya Oktoba, watu wakishakula chakula cha mchana nyumbani kwake, humgeukia mmoja wao na kusema, "Niletee paspoti yako." Basi. Aliyeambiwa hivyo ndiye anayekwenda.

Miaka saba Aflah alisubiri kuambiwa maneno hayo matatu. Ikiingia Oktoba aliitoa paspoti yake kwenye mtoto wa meza na kuiweka ndani ya gari, ili Loai akisema tu, yeye ainuke aende nje na kurudi nayo moto moto. Mwaka mmoja alikwenda mtu anayekoroma. Mwaka mwengine alikwenda mtu anayeogopa hata mbuzi wa kufugwa. Kila mmoja aliporudi na picha zake, Aflah alizitazama moja moja, akamwambia pale alipokosea kuvaa, kisha akaenda nyumbani na hakusema na mtu mpaka Jumapili.

Mwaka huu, Ijumaa ya pili ya Oktoba, sahani za wali zilikuwa zimeshaondolewa na kahawa inazunguka. Loai alijifuta ndevu. Aflah alikuwa amekaa karibu na mlango, makusudi, karibu na viatu vyake.

"Jaifar," alisema Loai. "Niletee paspoti yako."

Jaifar ni ndugu yake Aflah, mdogo kwake kwa miaka kumi na miwili. Baba mmoja, mama mmoja, nyumba zao Al Amerat zinatazamana. Ni mtu wa mzaha, anapika biriani ya kuvunja safari ya mtu, na kuhusu baridi anajua kwamba ipo.

Kijana wa kahawa alimjia Aflah na birika la dele. Aflah akatikisa kikombe, kama tunavyofanya tukitosheka, na kumbe kahawa bado imo. Ilimwagikia kidole, ikamuunguza, na akafurahi kupata sababu ya kukunja uso.

"Mie?" Jaifar alisema. "Bwana Loai, na kaka Aflah je?"

"Aflah nnampenda," Loai alisema, na wote wakageuka kumtazama. "Lakini Aflah anajua mno. Mtu akifuatana naye anajiona karudi skuli. Mie nakwenda kupumzika!" Watu wakacheka, isipokuwa Jaifar. "Ila hapana wa kumvisha huyu kama yeye. Aflah, mchukue ndugu yako Ruwi, mchagulie hizo nguo za ndani. Za bei nafuu lakini nzuri, asije akauziwa takataka."

"Inshallah," Aflah alisema. Alisema kwa sauti nzuri kabisa.

Wivu ulimpata njiani, alipokuwa peke yake ndani ya gari, akipanda barabara ya mlimani kurudi Al Amerat. Haukuwa wivu wa kumtamania mtu kheri yake na wewe ukapata yako. Alitaka Jaifar asiwe nayo. Alitaka hivyo waziwazi, na alijisikia akilitaka jambo hilo, na hakuona haya hata kidogo. Huyu mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu, alijisemea. Huyu anayevaa ndara mpaka kwenye mvua. Ataipanda milima yangu.

Walikwenda Ruwi Jumamosi asubuhi. Duka lilikuwa kwenye kichochoro nyuma ya kituo cha mabasi, lile wanalonunua watu wanaofanya kazi kwenye vyumba vya kugandishia samaki na nyama. Watu hao ndio pekee Maskat wanaoshinda kwenye baridi, kwa hiyo nguo za baridi za bei rahisi ziko huko, si kwenye maduka makubwa ya vioo. Muuzaji alikuwa Jerusha, Mkenya wa Kinangop, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Yeye ndiye aliyemuuzia Aflah zile nguo za kabatini. Na ndiye wa kwanza kumwambia habari ya pamba, miaka saba nyuma, akasimulia jinsi kwao walivyokuwa wakichimba viazi alfajiri na barafu juu ya majani.

"Karibu mzee Aflah! Leo umeleta mgeni?"

"Ndugu yangu. Anakwenda kuwinda kwenye baridi."

"Kumbe ni yeye anaenda?" Jerusha alisema, na alipouona uso wa Aflah akageukia rafu upesi.

Aliwawekea nguo mezani. Fulana za sufu zilikuwa tatu, za poliesta zilijaa boksi, na pembeni kulikuwa na fulana nene za pamba, nyeupe, laini, ambazo wazee hununua kwa ajili ya Januari. Jaifar aliweka mkono juu ya ile ya pamba.

"Hii laini," alisema. "Kaka, hii vipi?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Aflah alikuwa nalo neno lenyewe. Alikuwa ameshawaambia watu mia, wengine hawakutaka kusikia. Alimtazama ndugu yake, uso ule wa furaha, paspoti yake iko kwa Loai tangu jana.

"Pamba ni sawa," alisema. "Tangu lini sisi tukavaa plastiki? Chini ya dishdasha unavaa nini? Fulana ya pamba na wizari. Basi ni yale yale, nene zaidi."

Jaifar aliitika kwa kichwa. Kila mwanamume wa Omani amekua na pamba mwilini chini ya kanzu yake ya dishdasha, fulana juu na shuka ya wizari kiunoni, na joto la Maskat limemfundisha kwamba hapana kitu kama pamba. Ungemwambia vinginevyo, huyo ndiye angekushangaa.

Jerusha alishika fulana ya pamba, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Mzee," alisema polepole, "hii ikishika jasho..."

"Khalas, Jerusha. Tia mfukoni. Mbili."

"Unamwona huyu?" Jaifar alimwambia Jerusha, amemwekea kaka yake mkono begani. "Mie nlikuwa na miaka tisa. Tulilala mlimani, Jabal Shams, siku za baridi. Nikateleza ndani ya mfereji wa falaji, nikaroa chepe, natetemeka meno yanagongana. Huyu akanivua dishdasha langu lile lililoroa, akavua lake, akanivisha. Yeye akakaa na wizari mpaka asubuhi. Basi akinambia vaa gunia, mie ntavaa gunia."

Jerusha alimtazama Aflah juu ya miwani. Aflah alijifanya anasoma tangazo la mizani ukutani.

"Nitakuekea ile ya sufu, saizi yake," Jerusha alisema alipokuwa anampa mfuko, kwa sauti ya chini, ya mtu anayerudisha chenji. "Mpaka wiki ijayo, mzee. Ukibadilisha mawazo."

Hakubadilisha mawazo wiki ile wala iliyofuata. Alikuwa na hoja nyingi. Baridi kidogo itamtia adabu. Loai atampa koti. Wenyeji wa huko wana mahema na majiko. Hakuna aliyekufa kwa fulana. Hoja hizo alizipanga asubuhi akinyoa ndevu, na akifika kazini tayari zilikuwa zimeshapukutika, inabidi azipange tena. Na katikati yake ulikuwepo wivu wenyewe, umekaa kitako, haujali hoja: na atetemeke. Na arudi aseme kule si pahala pa mtu kama yeye. Na Loai ajute.

Jaifar alimtumia picha, amevaa fulana ya pamba na wizari, mkono kiunoni, ulimi nje. Chini aliandika: *Kaka angu kanivisha.* Aliituma kwenye kundi la ukoo mzima. Shangazi zao walimwombea Aflah dua.

Muhsina aliiona picha ile wakati wa chai ya alasiri.

"Hii si pamba?" aliuliza.

"Pamba gani?"

"Aflah. Miaka saba unanisomesha habari ya pamba. Nimeshahifadhi. Mie leo naweza kwenda kuwinda." Aliiweka simu chini. "Mtoto wa watu huyo."

"Mtoto wa watu ni ndugu yangu mie."

"Ndiyo nilivyokuwa nafikiri," Muhsina alisema, akachukua vikombe akaenda jikoni.

Safari ilikuwa Alhamisi. Jumatano saa nane, alipotoka kazini, Aflah aliegesha gari Ruwi vibaya, nusu juu ya ukingo wa njia, akaingia dukani bila salamu.

"Ile ya sufu," alisema.

Jerusha alitikisa kichwa. "Mzee, niliiweka wiki mbili. Jana kampuni ya samaki wamebeba zote, sufu na poliesta. Imebaki ndogo ya mtoto, na hii kubwa kama hema." Aliikunjua ile kubwa, Jaifar wawili wangeingia. "Mzigo mwingine unakuja tarehe kumi."

"Anaondoka kesho."

"Haya. Na zile zako?"

"Zangu ni zangu."

"Sawa," Jerusha alisema. "Lakini kule Kinangop, ndugu yangu angenivisha pamba akijua, singemsalimia tena maisha yangu. Samahani, nimesema tu."

Aflah alizunguka maduka mengine manne. Alipata soksi.

Alhamisi hakwenda kazini. Alifungua kabati, akavuta ule mfuko wa plastiki, akakaa nao mapajani. Hebu tuseme ukweli: hazikumtoka kirahisi. Nguo zile ndizo zilizomwambia kila mwaka kwamba zamu yake inakuja. Mtu mwenye nguo kabatini ni mtu anayesubiri safari. Akizitoa, atabaki kuwa karani wa miaka hamsini na mitatu wa Al Amerat anayejua mambo mengi. Na amtolee nani? Jaifar! Angekuwa mtu mwengine yeyote isingemuuma hivi. Aliinuka mara mbili kuzirudisha. Mara ya tatu akakumbuka jinsi lile dishdasha la mtoto, kule Jabal Shams, lilivyokuwa zito mkononi mwake, pamba tupu iliyoroa, na jinsi ngozi ya mtoto ilivyokuwa baridi chini yake kama ya samaki. Kwa hiyo hakuhitaji kompyuta ya wizara kumwambia. Alijua habari ya pamba tangu siku ile.

Akavuka njia.

Jaifar alikuwa sebuleni, begi lake limefungwa, anamsubiri dereva wa Loai. Aflah alimtupia mfuko.

"Vaa hizi. Zile acha."

Jaifar alichungulia ndani, akaona kibandiko cha bei. "Hizi zako."

"Vaa. Zipu ifungue ukipanda na uifunge ukikaa. Usizifue kwa maji ya moto, zitaingia ziwe ndogo. Zile za pamba..." Angeweza kusema alikosea. Jaifar angemwamini, au angejifanya. "Zile za pamba nlikuchagulia kwa kusudi. Nlikuwa najua. Nlikuonea wivu, Jaifar, na mpaka hivi sasa nakuonea."

Nje gari la Loai lilipiga honi. Jaifar hakugeuka. Alipiga goti, akafungua begi lake. Fulana mbili za pamba zilikuwa juu kabisa, zimekunjwa vizuri, na chini yake hamkuwa na nguo nyengine yoyote ya baridi.

"Na mie nna simu, kaka," alisema. "Nlisoma siku ile ile, kabla hatujafika nyumbani. Pamba ndiyo neno la kwanza wanaloliandika."

"Ulijua? Na hukununua nyengine?"

"Sikununua."

"Wiki tatu? Ungekwenda nazo hizi? Una wazimu wewe?"

"Nlikuwa nakusubiri," Jaifar alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha hata chembe, na Aflah alitambua kwamba hajawahi kuisikia hivyo. "Kila siku nkitazama mlango. Leo nlishakata tamaa. Nlishasema basi, ntakwenda nazo, nkatetemeke, nijue moja."

Aflah alitafuta pa kuweka mikono yake. Dereva alipiga honi tena. Jaifar alizitoa zile fulana za pamba, akamkabidhi kaka yake, akaweka za sufu mahala pake na kufunga zipu ya begi. Hakumkumbatia. Alimbusu kichwani, haraka haraka, kama mdogo anavyombusu mkubwa wake siku ya Idi, na akatoka.

Picha ilikuja baada ya siku nne. Jaifar amekaa juu ya jiwe, theluji mpaka kwenye magoti, pua nyekundu, na kola ya rangi ya majivu inaonekana chini ya koti. Nyuma yake mlima mkubwa, mweupe, ule ule ambao Aflah aliutazama miaka saba kwenye kompyuta. Jaifar aliandika: *Zimenikaa sawasawa. Sisikii baridi.* Na Loai naye aliandika chini yake, kwamba hajapata mwenzake wa safari kama huyu, na kwamba mwakani paspoti yake aiache huko huko kwake.

Aflah alikuwa varandani, amevaa fulana nene ya pamba iliyomfanya atoke jasho. Roho ilimuuma, tena vibaya. Lakini alipoikuza picha kwa vidole viwili, hakuwa anautazama uso wa Jaifar wala mlima. Alikuwa anaitazama ile kola. Miaka saba walikaa pamoja, yeye na nguo ile, wanasubiri safari moja, na nguo imekwenda.

Aliikuza zaidi. Zipu ilikuwa wazi.

*Umekaa,* aliandika. *Funga zipu.*